Ongeza Ukucha Mmoja

Mteja akikwambia "sijaigusa," jua ameigusa. Miaka kumi na mbili ya kutengeneza televisheni imenifundisha hilo. Ndiyo maana yule bibi aliposimama mbele ya kibanda changu saa kumi jioni na kusema, "Fundi, sijaigusa, imeanza yenyewe," nilicheka kimoyomoyo na kuendelea kupanga vifaa vyangu.

"Inafanyaje, Bibi?"

"Ina kivuli."

"Kivuli cha namna gani?"

"Kuna mtu anasimama mbele. Ananizibia."

Sikushangaa. Kila mtu huueleza ubovu kwa maneno yake. Kuna mzee aliwahi kuniambia televisheni yake ina mafua, na nilipoifungua nikakuta kweli imeingia maji. Watu wengi siku hizi wamehamia kwenye visahani vya setilaiti, lakini mimi bado naishi kwa wale waliobaki na antena za juu ya paa, na kwa hao kivuli ni jambo la kawaida. Mawimbi yanagonga jengo, yanafika kwenye antena mara mbili, basi mtangazaji wa habari anaonekana ana pacha wake aliyefifia pembeni. Unazungusha antena kidogo, unakaza waya, unakunywa maji ya mwenye nyumba, unaondoka.

Lakini neno lile lilinichoma. Kaka yangu alikuwa amelitamka siku ya mwisho nilipomwona.

Kaka ndiye aliyenifundisha kazi, na kibanda kilikuwa chake. Wateja walimwita Fundi Ukucha kwa sababu ya kipimo chake. Kutafuta picha kwa antena ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko juu ya paa anazungusha, mwingine yuko sebuleni anatazama kioo na kupiga kelele: "Bado... bado... hapo! Hapo hapo, usiachie!" Hakuna mtaa usioijua kelele hiyo. Ila kaka hakusema "kidogo kushoto" kama mafundi wengine. Alisema, "Ongeza ukucha mmoja." Picha ikigoma kabisa, alisema, "Imepotea hiyo. Shuka, mdogo wangu." Mimi nilikuwa mtu wa juu, yeye mtu wa chini.

Miaka mitatu iliyopita alinijia jioni kama hii. "Twende tukaondoe kivuli kwa bibi mmoja," akasema. "Tunarudi sasa hivi." Mimi nilikuwa nimejilaza, mpira unaendelea. Nikamwambia aende peke yake, mguu unaniuma. Mguu haukuwa unauma hata chembe. Kaka akacheka, akachukua begi, akaenda. Hakurudi. Tulimtafuta polisi, hospitali, hadi chumba cha maiti, hatukupata hata kiatu. Mpaka leo mama yangu hafungi komeo la mlango wa nyuma, eti mwanawe asije akagonga usiku akakosa wa kumfungulia. Ule uongo wa mguu sijawahi kumwambia.

Kwa hiyo nilimuuliza yule bibi, huku nikijifanya sijali: "Ulishawahi kumwita fundi mwingine?"

"Mmoja," akasema. "Alijitahidi sana."

Nilibeba begi langu nikamfuata.

Nyumba yake ilikuwa ndogo na safi, imezungushiwa ukuta, na lango lake lilikuwa la bati. Alifunga lango kwa komeo baada ya sisi kuingia. Sebule ilikuwa na kochi moja tu, limewekwa karibu mno na televisheni, kiasi kwamba mtu akikaa magoti yake yangegusa meza. Upande mmoja wa kochi ulikuwa umebonyea kwa kukaliwa. Na kulikuwa na harufu... kama nywele zilizopitiwa na moto. Nikadhani ni televisheni inaunguza waya. Niliinusa kwa nyuma. Haikutoka huko.

Niliiwasha. Ilikuwa televisheni ya zamani, yenye kisogo kirefu, inayochukua muda kupata akili. Kwanza sauti, halafu mwanga, halafu mtangazaji wa kike akisoma habari.

Nyuma yake kulikuwa na kivuli.

Kivuli cha kawaida humwiga mwenye picha. Yeye akiinua mkono, nacho kinainua. Hiki hakikumwiga. Mtangazaji alikuwa amekaa. Kivuli kilikuwa kimesimama. Mtangazaji alitikisa kichwa. Kivuli kilitulia, mkono mmoja juu, kama abiria aliyeshika bomba la daladala asianguke.

"Huyo," bibi akanong'ona. "Unamwona? Muondoe."

"Ni mawimbi tu, Bibi." Nilisema hivyo kwa mazoea.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilizima friji. Nilizima feni. Nilibadilisha kichwa cha waya. Kivuli kilikuwa palepale. Mwisho nikachomoa waya wa antena. Mtangazaji akapotea, kivuli kikapotea, zikabaki chenga tupu. Nikaurudisha waya, wakarudi wote wawili. Basi. Ubovu ulikuwa unatoka juu.

"Nipe ngazi, Bibi. Wewe kaa hapa, tazama picha, uwe unaniambia. Ikiwa mbaya sema bado. Ikiwa safi sema hapo."

"Najua," akasema. "Najua namna ya kusema."

Paa lilikuwa la bati, bado lina joto la mchana. Jua lilikuwa limeinama, na kivuli changu kilikuwa kirefu kimelala juu ya bati pamoja na kivuli cha antena. Katikati ya paa kulikuwa na kipande cha plastiki kinachopitisha mwanga. Nilichungulia. Nikaiona sebule yote kwa juu: kochi, kichwa cha bibi, kioo cha televisheni.

Kaka alikuwa na sheria moja. Kabla ya kuzungusha antena, isafishe, na uchafu usiuache kwa mteja, shuka nao. Nikatoa mfuko wa nailoni uliokuwa umenasa. Nikatoa kiota kikavu cha ndege. Chini kabisa, pale antena inapokutana na mlingoti, nikakuta kifurushi kidogo cha kitambaa, kikubwa kama kokwa la embe, kimefungwa mafundo mengi kwa uzi mweusi. Ile harufu ilitoka hapo.

Mtu mwingine angekitupa mbali. Mimi nilikikata kwa koleo nikakitia mfuko wa ovaroli, mfuko wa kifuani, nikafunga kifungo. Mazoea ya kazi.

Kisha nikaushika mlingoti.

"Haya, Bibi! Nazungusha!"

"Bado," akaitikia.

Nikazungusha.

"Bado... bado..."

Ulikuwa baridi. Bati chini ya miguu lilikuwa la moto, lakini ule mlingoti ulikuwa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Ganzi ilinipanda kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko. Nikasema moyoni, kuna umeme unavuja hapa, nikawa nataka kuuachia nikapime.

"Bado," sauti ikasema kutoka sebuleni. "Ongeza ukucha mmoja."

Haikuwa sauti ya bibi.

Niliganda. Mkono wangu haukuganda. Mkono wangu, ulioitii sauti ile kwa miaka tisa, uliongeza ukucha mmoja.

"Hapo," sauti ikasema. "Hapo hapo. Usiachie."

"Kaka?"

Nikaita tena kwa nguvu.

"Kaka, ni mimi!"

Nikachungulia kwenye plastiki. Mtangazaji hakuwepo tena. Picha ilikuwa safi kuliko picha yoyote niliyowahi kuitengeneza. Kilionekana chumba, na binti wa miaka kama ishirini amekaa kwenye mkeka, anachana nywele. Mbele yake, amemziba nusu, amesimama mwanamume mwenye ovaroli la bluu, mkono mmoja juu. Sikuuona uso wake. Nilikiona kisogo chake na lile kovu la utotoni, alipoanguka mtini akijaribu kunishusha mimi.

Nilifurahi, nakiri. Hofu ilikuja baadaye. Kwanza nilifurahi kiasi cha kutaka kulia.

Ndipo nikasikia kitu kikiburuzwa.

Krrr... krrr...

Bibi alikuwa ametoka nje. Alikuwa anaivuta ngazi.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Tulia hapo hapo," akasema, kwa upole kabisa. "Ulivyoshika ndivyo vizuri."

"Irudishe ngazi, Bibi. Nakuomba."

"Wewe mjukuu wangu usiniogope. Sina ubaya na mtu." Aliilaza ngazi chini ya ukuta, akapangusa mikono. "Nilikuwa na binti mmoja tu. Alipofariki, kuna mtu alinifungia dawa yangu hapo juu, nikawa namwona jioni, kidogo kidogo, kwa chenga. Nikamwita fundi anisafishie. Fundi alipoishika antena kwa mkono, mwanangu akatokea kama alivyokuwa. Nikamwambia asiachie. Akashika... akashika... Siku ya tatu nikatazama juu ya paa, hayupo. Nikatazama kwenye picha, yupo. Na toka siku hiyo amesimama mbele ya mwanangu, hasogei. Yule aliyenifungia dawa akaizungushia kipande cha shati lake kilichobaki hapo juu, bado hasogei."

Alisema hivyo kwa uchungu, kama mtu anayemlalamikia jirani anayeegesha gari mlangoni pake.

"Nimekuita umtoe," akasema, akarudi ndani kwenye kochi lake.

Nilijaribu kuachia. Vidole vilikataa. Nilivishika kwa mkono wa kushoto nikavikunjua kimoja kimoja, na kila nilichokikunjua kilijikunja tena. Nilipiga kelele. Mtaani watu walikuwa wanapita, niliwasikia, mwanamke mmoja alicheka. Nani atamjali fundi anayepiga kelele juu ya paa? Kelele ndiyo kazi yetu.

Jua lilikuwa linashuka. Nikatazama bati.

Kivuli cha antena kilikuwepo, kirefu, cheusi.

Changu kilikuwa kimefifia. Kama maji yanayokauka.

Nikachungulia tena ndani. Kaka alikuwa amegeuka. Sasa niliuona uso wake, na hakuwa amezeeka hata siku moja. Na mkono wake, ule ulioinuliwa miaka mitatu, ulikuwa umeanza kushuka... polepole... Pembeni ya kioo, mahali palipokuwa patupu, mkono mwingine ulikuwa unajichora. Niliujua. Ulikuwa na ule mkwaruzo wa bisibisi nilioupata juzi yake.

Nikaelewa. Mmoja akiingia, mmoja anatoka.

Na Mungu ananisikia, nilifikiri, iwe hivyo. Yeye alikwenda peke yake kwa sababu yangu. Mama atamfungulia mlango mwanawe mkubwa. Nikaacha kuvivuta vidole.

"Kaka," nikanong'ona. "Mguu haukuwa unauma."

Midomo yake ilitikisika kwenye kioo. Sauti ilikuja taratibu kutoka chini, kama zamani, alipokuwa amechoka na anataka twende nyumbani.

"Imepotea hiyo," akasema. "Shuka, mdogo wangu."

Alikuwa anadanganya. Picha ilikuwa safi, niliiona kwa macho yangu. Lakini mkono wangu haukujua hilo. Mkono wangu ulijua amri moja tu, na ulipoisikia ukafunguka.

Niliangukia upande wa nyuma ya nyumba, nikateguka kifundo cha mguu. Nilijikokota hadi langoni. Ndani ya nyumba bibi alikuwa anapiga kioo kwa kiganja, pa, pa, pa, na mtangazaji alikuwa anasoma habari, safi kabisa, bila kivuli hata kidogo.

"Mwanangu yuko wapi?" bibi alikuwa anauliza. "Fundi, mwanangu umempeleka wapi?"

Niliinua komeo nikatoka. Sikugeuka.

Mama yangu aliniona nachechemea akaniuliza nini, nikamwambia nimeteleza kwenye ngazi. Safari hii mguu ulikuwa unauma kweli. Nilivua ovaroli, nikalala bila kula. Niliwaza habari nitakayompa. Nimwambie nini? Kwamba nimemwona mwanawe na nikamwacha? Nikaamua nisiseme kitu.

Kesho yake nilikwenda kibandani nikashinda nimekaa tu. Kile kifurushi kilikuwa kimenitoka kichwani. Hilo ndilo kosa ambalo sitajisamehe. Kaka alinifundisha nishuke na uchafu wa mteja, nami nilishuka nao hadi nyumbani kwetu.

Nilirudi jua likiwa limeinama. Nikaona ovaroli langu limefuliwa, linaning'inia kwenye kamba. Mama hafui nguo bila kupekua mifuko.

Nikasimama mlangoni. Ndani alikuwa anaongea.

"Bado?" alikuwa anauliza. "Hapa je?"

Na sauti ikamjibu:

"Ongeza ukucha mmoja, Mama."

Niliingia mbio. Mama alikuwa amesimama kando ya televisheni yetu, mkono wake umeshika antena ya ndani, ile ya masikio mawili. Kifurushi kilikuwa juu ya televisheni, kimefunguliwa fundo moja. Kwenye kioo hapakuwa na binti yeyote. Alikuwepo kaka peke yake, karibu, safi, anamtazama mama yake.

"Achia, Mama!"

"Kitambaa hiki ni cha shati lake," akasema, bila kunigeukia. "Nilimshonea mimi. Tazama mshono, nilikosa uzi wa bluu nikatia wa kijani. Kilikuwa mfukoni mwako. Ulijua aliko na hukuniambia."

"Mama, nakuomba..."

"Usiniambie niachie. Nimemtafuta miaka mitatu."

Leo ni siku ya kumi na moja. Namlisha kwa kijiko, amesimama hivyo hivyo. Yule bibi alihitaji mtu wa kumshikia juu ya paa. Mama antena yake ni ya ndani, anashika mwenyewe na anatazama mwenyewe. Hachoki. Anamsimulia kaka habari za mtaa, nani ameoa, nani amehama, na wakati mwingine wanacheka. Siku ya pili nilikivuta kifurushi, kidogo tu, upana wa kidole. Pumzi ya mama ikakatika. Nikakirudisha. Koleo ninalo hapa mfukoni, na waya wa antena uko mbele yangu, ni kazi ya sekunde moja kuukata. Nikiukata, sijui nitabaki na yupi. Labda nisibaki na yeyote.

Jioni jua linapoingia dirishani natazama ukutani. Kuna kivuli cha meza. Kuna kivuli cha televisheni na masikio yake mawili. Kuna changu.

Kwenye kioo, tangu jana, begani kwa kaka kuna vidole vya mtu mzee.

Kila jioni ninakaa kwenye kiti hiki nikimtazama usoni, na ninamwomba kwa sauti ya chini mama asisikie. Neno moja tu, Kaka. Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Mwambie picha imepotea, ashuke.

Ananitazama. Ananisikia, najua ananisikia. Mkono wake umeshuka mpaka kiunoni sasa.

Kisha anamgeukia mama.

"Hapo hapo," anasema. "Usiachie."